Aliyepima Alisimama Wapi? Historia ya Kupima Kelele za Mabasi hadi Ujio wa Haibridi

Katika mwaka wa kwanza wa masomo ya historia tulifundishwa maswali matatu ya kuiuliza hati yoyote: nani aliiandika, aliiandika kwa ajili ya nani, na alikuwa wapi mambo yalipotokea. Tuliyatumia maswali hayo kwa barua za wamisionari, kwa taarifa za maofisa wa kikoloni na kwa masimulizi ya wazee. Hatukuyatumia kwa namba. Namba ilikuja darasani kama kitu kisicho na mwandishi: idadi ya watu, tani za pamba, kilomita za reli. Insha hii inachukua namba moja tu, yaani kiasi cha kelele ya basi kwa desibeli, na kuiuliza maswali yaleyale. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo, tangu ilipoanza kuandikwa, imejibu swali la aliyepima kuliko swali la anayesikia. Mabasi ya haibridi, ambayo injini yake ya dizeli husaidiana na mota ya umeme, ndiyo yaliyolifichua jambo hili, kwa sababu kipimo kilichokuwa kikitumika hakikuweza kuona kile ambacho mabasi hayo yalibadilisha.

Nilichagua mada hii kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa darasani ambaye haoni. Jioni tunapotoka chuoni kwenda steji, mimi ndiye ninayemshika mkono, lakini yeye ndiye anayejua barabara inafanya nini. Huniambia: lile linaunguruma tu, bado linangoja abiria; hili limeanza kuvuta, tusivuke. Mwaka jana alishuka barabarani mbele ya gari dogo la haibridi, mojawapo ya yale yaliyokwisha kutumika Japani ambayo siku hizi ni ya kawaida hapa Kampala. Halikutoa sauti yoyote. Nilimvuta kwa shati. Aliudhika kuliko alivyoogopa, na tulipofika ng'ambo aliuliza: hao wanaopima kelele za magari, wanapimia wapi? Sikuwa na jibu. Nilidhani ni swali la watu wa uhandisi. Baadaye nikaona lina historia ndefu.

Kabla ya desibeli kulikuwa na kuhesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Julia Barnett Rice, mwanamke tajiri wa New York ambaye nyumba yake ilitazama mto Hudson, alichoshwa na honi za tagi, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, zilizolia usiku kucha. Malalamiko matupu hayakumfikisha popote. Basi aliwakodi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia wakae usiku karibu na mto na kuandika kila mlio waliousikia. Daftari zao zilionyesha karibu milio 3,000 kwa usiku mmoja. Mwaka 1906 aliunda chama cha kupambana na kelele zisizo za lazima, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia honi za vyombo vya majini zinazopigwa bila sababu. Ni faraja kidogo kwetu sisi kujua kwamba moja ya kazi za mwanzo za kukusanya data ya kelele za mji ilifanywa na wanafunzi waliokesha.

Hesabu ile ilikuwa na sifa moja ambayo, kwa maoni yangu, ilipotea baadaye. Aliyehesabu alikaa mahali alipo mtu anayesumbuliwa, saa ambayo mtu huyo anasumbuliwa. Udhaifu wake ni kwamba haikuweza kulinganisha. Honi ya tagi na gurudumu la chuma la mkokoteni vingehesabiwa kimoja na kimoja, ingawa havilingani hata kidogo. Ilihitajika mizani.

Mizani hiyo haikutoka kwa watu wa afya wala kwa watu wa miji. Ilitoka kwenye simu. Wahandisi wa kampuni ya Bell nchini Marekani walihitaji kujua sauti hupungua kiasi gani inaposafiri kwenye waya mrefu, na mwaka 1924 wakatunga kizio kipya kwa kazi hiyo. Miaka michache baadaye kilipewa jina la desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Kwa msomaji wa historia ambaye hesabu za logi zilimtoka baada ya sekondari, inatosha kukumbuka mambo mawili. Ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara 10. Ongezeko la desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo mabasi mawili yenye desibeli 80 kila moja yakiunguruma pamoja hayatoi 160, hutoa 83. Kizio hiki kilizaliwa kwa ajili ya waya, kikahamia barabarani kwa sababu wenye vyombo vya kupimia walikuwa watu wa simu.

Kuhama huko kulionekana wazi New York. Mwaka 1929 kamishna wa afya wa jiji hilo, Shirley Wynne, aliunda Tume ya Kupunguza Kelele. Lori lililofungwa vyombo vya kupimia lilizunguka mitaani, likaenda zaidi ya maili 500 na kuchukua vipimo 10,000 katika sehemu 138. Magazeti yalichapisha dodoso, na watu zaidi ya 11,000 wakajibu. Kelele za magari na usafiri ndizo zilizolaumiwa zaidi. Ripoti yao ya mwaka 1930 ilieleza kwamba katika sehemu nyingi za jiji chui-milia angeweza kunguruma apendavyo na wapita njia wasigutuke. Napenda mfano huo, maana unaonyesha wanasayansi waliojua kwamba namba peke yake haimsogezi mtu, hata ikiwa namba 10,000.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tume ile ilitumia vyote viwili. Lori lilipima, dodoso likauliza. Mahali pa kupimia palikuwa barabarani penyewe, na basi lilipimwa likiwa kazini, katikati ya magari mengine, limebeba abiria. Hili ndilo tungeliita leo kupima katika matumizi halisi, ingawa wao hawakuhitaji jina kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

Namna nyingine ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili, Ulaya ilipojaa magari. Nchini Uingereza kamati iliyoongozwa na Sir Alan Wilson ilitoa ripoti yake ya mwisho kuhusu kelele mwaka 1963. Ilitegemea utafiti uliofanywa London mwaka 1961 na 1962 katika sehemu 540, na katika sehemu nyingi kabisa kelele iliyotawala ilikuwa ya barabara. Hadi hapo bado tuko mtaani. Lakini serikali ikitaka kuweka sheria kwa mtengenezaji wa magari, haiwezi kumwambia kwamba mtaa fulani una kelele. Mtengenezaji atajibu, kwa haki, kwamba mtaa si wake. Ilihitajika njia ya kupima gari moja, peke yake, ambayo ingetoa jibu lilelile Ujerumani na Italia, Jumatatu na Ijumaa.

Njia hiyo ilichapishwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 1964. Nitaieleza kidogo kwa sababu mengi yanayofuata yanaitegemea. Kunakuwa na uwanja ulio wazi, lami kavu, hakuna ukuta karibu. Maikrofoni huwekwa mita 7.5 kutoka mstari wa katikati wa njia ya gari, kimo cha mita 1.2. Gari linakuja kwa mwendo uliopangwa, kilomita 50 kwa saa, au injini ikiwa imefika robo tatu ya mizunguko yake ya nguvu ya juu kabisa. Likibakiza mita 10 kufikia maikrofoni, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, na anashikilia hivyo kwa mita 20. Kinachoandikwa ni kilele, namba moja ya juu kabisa.

Kwa nini kukanyaga hadi mwisho? Kwa sababu ndiyo hali mbaya kuliko zote, na hali mbaya ni rahisi kurudiwa. Madereva wawili hawawezi kuendesha kwa upole unaolingana, lakini wote wawili wanaweza kukanyaga hadi pedali igonge sakafu. Tusiwadharau waliobuni njia hii. Walitatua tatizo gumu. Ila katika kulitatua waliondoa mtaa, abiria, kituo, mlima, na yule aliyeko dirishani.

Tarehe 6 Februari 1970 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo lake la kwanza la kelele za magari, na njia hii ikawa sheria. Basi kubwa lenye injini ya nguvu farasi 200 au zaidi liliruhusiwa kufika desibeli 91. Vikomo vikaendelea kushushwa, na kwa agizo la mwaka 1992 basi la namna hiyo lilitakiwa lisizidi 80. Kwenye karatasi huo ni ushindi mkubwa: desibeli 11, yaani nguvu ya sauti iliyopungua zaidi ya mara 10. Njia ya kupima nayo ilirekebishwa njiani, kwa hiyo tofauti hiyo isichukuliwe ilivyo. Hata hivyo watafiti waliorudi barabarani walikuta kelele ya magari yakiwa kazini haikushuka kwa kiasi kilichotajwa kwenye sheria. Sababu moja ni matairi. Gari likienda kasi, sauti ya tairi kwenye lami huishinda sauti ya injini, na jaribio lile liliitazama injini. Sababu nyingine ni kwamba watengenezaji, kama wanafunzi, hujifunza kwa ajili ya mtihani.

Kuna chujio lingine lililofichwa ndani ya namba, na hili lilinishangaza kuliko yote. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha michoro inayoonyesha jinsi sikio linavyosikia sauti nene na nyembamba. Sikio letu ni dhaifu kwa sauti nene sana, hasa zikiwa za chini. Kutokana na kazi hiyo, viwango vya Marekani vya mwaka 1936 kuhusu mashine za kupima sauti viliweka kanuni ya kupunguza sauti nene kabla ya kuziandika. Hiyo ndiyo inayoitwa kanuni A, na ndiyo sababu vikomo vya kelele huandikwa kama desibeli A. Ilikusudiwa kwa sauti za chini, za chumbani. Kwa sauti kubwa zaidi kulikuwa na kanuni nyingine. Lakini kanuni A ilikuwa rahisi, ikazoeleka, ikatumika kwa kila kitu, pamoja na mabasi.

Sasa tuichukue injini ya dizeli ya silinda sita, yenye mzunguko wa mapigo manne, basi likiwa limesimama kituoni. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kwa sekunde, na kila mzunguko silinda tatu huwaka. Ni milipuko 30 kwa sekunde. Huo ndio muungurumo wake wa msingi, ule unaotikisa kioo cha dirisha na sufuria kabatini. Kwa sauti yenye mitetemo 30 kwa sekunde, kanuni A hupunguza karibu desibeli 40. Mashine haijaharibika, inafanya ilivyoagizwa. Lakini mama anayelaza mtoto juu ya kituo cha basi anapolalamika kwamba nyumba inatetemeka, na ofisa akaja na mashine akamwonyesha namba ndogo, wote wawili wanasema kweli.

Hapo ndipo haibridi zinapoingia. Mwaka 1998 mamlaka ya usafiri ya New York, jiji lilelile la Bi Rice na lori la vyombo, ilianza kujaribu mabasi 10 ya haibridi aina ya Orion VI. London ilileta sita ya kwanza mwaka 2006, kwenye njia namba 360. Lengo kuu lilikuwa moshi na mafuta, kelele ikawa faida ya pembeni. Ila ndani ya mabasi haya kulikuwa na badiliko ambalo wabunifu wa jaribio la mwaka 1964 hawakuweza kulifikiria. Katika haibridi za namna ile, dizeli haishikani na magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, na umeme ndio unaosukuma basi. Kwa hiyo basi linaweza kuwa limesimama huku injini ikizunguka kwa nguvu kujaza betri, na linaweza kuwa linakwenda huku injini ikiwa imetulia. Jaribio la zamani lilisimama juu ya dhana moja, kwamba mwendo wa gari na mlio wa injini vinafuatana kupitia gia. Dhana hiyo ilikufa.

Haibridi za namna ya pili zilileta tatizo jingine. Volvo, katika basi lake la 7700 Hybrid lililoonyeshwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, iliacha dizeli na mota zote mbili ziweze kusukuma magurudumu. Kituoni dizeli huzimika. Basi linaondoka kwa umeme, na dizeli inawaka likifika mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Tufanye hesabu ndogo ya kidato cha pili. Kilomita 20 kwa saa ni mita 5.6 kwa sekunde. Basi linaloongeza mwendo wake kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde litafikia hapo baada ya sekunde tano na nusu hivi, likiwa limesafiri mita 15 au 16. Aliyeweka maikrofoni kituoni ataandika kwamba kelele imekwisha. Aliyeweka maikrofoni mlango wa pili au wa tatu kutoka kituoni ataandika kwamba dizeli imewaka mbele yake. Na aliye kwenye uwanja wa majaribio, ambako basi linaingia likiwa tayari na kilomita 50 kwa saa, hataona tofauti kubwa na basi la kawaida, kwa sababu dizeli inavuta na pedali iko sakafuni. Ni basi moja lenye majibu matatu.

Kwa hiyo watafiti walilazimika kurudi mtaani, na si kwa kupenda. Mtaani ni pagumu. Kwanza lazima basi litenganishwe na magari mengine, na wakati mwingine njia pekee ni kusubiri mpaka lipite likiwa peke yake. Halafu safari ya kituo kimoja inabidi igawanywe: kufika, kusimama, kuondoka. Katika kufika kuna breki, na haibridi hapa hufaidika kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta na kupunguza mwendo kabla ya breki kugusana. Katika kusimama kuna upepo wa milango, kompresa, na feni. Feni ni hadithi ya pekee. Injini ilipokuwa ikiunguruma hakuna aliyeisikia. Dizeli ilipozimika, feni ya kupoza betri na vifaa vya umeme ikawa ndiyo kelele ya basi, na ni sauti nyembamba, ambayo kanuni A haiisamehi kama ilivyousamehe muungurumo. Inawezekana basi likawa raha zaidi kwa sikio na namba ikashuka kidogo tu.

Kisha kuna hali ya betri. Basi lilelile, dereva yuleyule, kituo kilekile: asubuhi betri imejaa na basi linaondoka kimya, jioni, baada ya mlima na foleni, betri imeisha na dizeli inawaka kituoni. Kipimo kimoja hakiwezi kulisema basi hilo. Kinachohitajika ni kupita kwingi, kwa saa tofauti, huku ikiandikwa kila mara basi lilikuwa na abiria wangapi, betri ilikuwa wapi, na dizeli ilikuwa inawaka au la. Mwanafunzi wa historia anaitambua kazi hii. Ni kukusanya mashahidi wengi na kuandika kila mmoja alikuwa katika hali gani.

Mfano wa Seattle unaonyesha kwamba mahali panaweza hata kulibadilisha basi. Mji huo ulikuwa na handaki la mabasi lililofunguliwa mwaka 1990 chini ya katikati ya mji, na magari yake ya mwanzo yalitumia nyaya za umeme yakiwa ndani na dizeli yakiwa nje. Kuanzia mwaka 2004 yalianza kuchukuliwa nafasi na haibridi ndefu zenye kiungo katikati. Hizi ziliwekewa hali maalumu ya utulivu kwa ajili ya handaki, ambapo dizeli hupunguziwa kazi na umeme unabeba zaidi. Dereva akitoka nje, basi linarudi kuwa lile la kawaida. Sasa kelele ya basi hilo ni ngapi? Swali halina jibu mpaka useme wapi.

Wakati wahandisi wakishughulika na jinsi ya kupima kelele iliyopungua, watu wengine walikuwa wameshaanza kulalamikia kupungua kwenyewe. Chama cha kitaifa cha wasioona cha Marekani kilianza kulisemea jambo hili tangu miaka ya mwanzo ya 2000, magari madogo ya haibridi yalipoanza kuenea. Lawrence Rosenblum, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, aliwasikilizisha watu sauti zilizorekodiwa za magari yanayokaribia kwa mwendo mdogo. La haibridi lilitambulika likiwa limeshasogea karibu zaidi kuliko la petroli. Januari 2011 sheria ya kuwalinda waendao kwa miguu ilitiwa saini Marekani, lakini kanuni zilizotokana nayo mwaka 2016 ziligusa magari mepesi tu, si mabasi makubwa. Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Kanuni namba 540 ya mwaka 2014 iliagiza magari yote ya umeme na ya haibridi, mabasi yakiwemo, yawe na kifaa cha kutoa sauti yakienda kuanzia kusimama hadi kilomita 20 kwa saa, na yanaporudi nyuma. Aina mpya zilibanwa kuanzia Julai 2019, na magari yote mapya kuanzia Julai 2021. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inataka angalau desibeli 50 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na 56 kwa kilomita 20.

Tuitazame namba hii mpya kama hati. Kwa zaidi ya miaka 40 desibeli za basi ziliandikwa kama kikomo cha juu, kitu cha kutozidi. Sasa kwa mara ya kwanza ziliandikwa pia kama kikomo cha chini, kitu cha kutopungua. Maikrofoni nayo ilihama. Haiko tena mita 7.5 kutoka katikati ya njia. Iko mita 2, karibu na mahali ambapo mtu husimama anapotaka kuvuka. Kifaa ni kilekile na kizio ni kilekile. Kilichobadilika ni aliyeuliza. Alikuwa jirani anayetaka kulala, sasa ni mtu mwenye fimbo nyeupe anayetaka kufika ng'ambo. Wote wawili wana haki, na hakuna namba moja inayoweza kuwajibu pamoja. Kwa maoni yangu wanahistoria wa teknolojia wameandika sana kuhusu jirani na kidogo mno kuhusu huyu wa pili.

Huku kwetu mambo yako katika hali ya kupendeza kwa mtafiti. Kanuni za Uganda za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003 zilianzia mahali: makazi, biashara, viwanda, mchana na usiku. Yaani zilisimama dirishani, alipokuwa Bi Rice. Februari 2016 Kiira Motors ilionyesha hapa Kampala basi lake la umeme lenye paneli za jua, Kayoola Solar Bus, na mwaka 2019 likafuata Kayoola EVS. Kwa hiyo tunaelekea kuruka hatua ya haibridi upande wa mabasi, huku haibridi za mitumba zikituingia upande wa magari madogo. Tutahitaji vipimo vyetu. Njia ya rahisi ni kuchukua vya uwanja wa majaribio kama vilivyo, lakini uwanja huo hauna steji, hauna bodaboda, hauna kondakta anayeita abiria, na hauna mlima kama wa kupanda Makerere.

Mimi na mwenzangu tulijaribu wenyewe alasiri moja, kwa simu mbili zenye programu ya kupima sauti, zote juu ya ukuta mmoja. Simu hazikukubaliana hata mara moja. Mhadhiri wetu alicheka, akatuambia kwamba simu isiyolinganishwa na kifaa cha rejea si shahidi. Ni kweli. Lakini tulikuwa tumeandika pia safu ya tatu, ambayo haikutoka kwenye simu. Kila gari lilipokuja, mwenzangu alisema "sasa" mara alipolisikia, nami nikatazama liko wapi: kwenye mti, kwenye kibanda cha muuza chapati, kwenye nguzo ya umeme, au limeshafika. Mabasi ya dizeli yalikuwa mtini, karibu yote. Gari moja dogo lilikuja kimya. Safu yake kwenye daftari haina kitu, kwa sababu hakusema "sasa" mpaka lilipokuwa limetupita, na matairi yake yakapita kwenye dimbwi.